Mwaka Niliotazama kwa Jicho Moja

Nilipopata habari kwamba Daktari Habibu amefariki nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikaendelea kuuchambua mpaka ukaisha, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini kingine. Kesho yake nikapanda basi kwenda Shinyanga. Nilikuta ameshazikwa. Nikaingia nyumbani kwake Ngokolo, nikakaa mkekani pamoja na wanawake, na mjane wake, Bi Zuhura, akakishika kichwa changu akakilaza begani mwake kana kwamba mfiwa ni mimi. Wakati wa chakula kijana mmoja wa ukoo, ambaye naye anasomea udaktari, aliniambia amesikia kwamba mimi na marehemu tulikuwa wa kwanza sehemu zile kutoa vinyama vya ndani ya utumbo bila kumpasua mtu tumbo, na kwamba tuliokoa watu wengi. Nikamwambia ni kweli tulivitoa. Hilo la kuokoa sikulijibu. Alitaka niendelee, lakini sinia la pilau lilikuwa limeshawekwa katikati na wenzetu wananawa. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu kijana yule peke yangu, nikiwa natembea, nikiwa nafua. Haya ndiyo ningemweleza kama tungepata nafasi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa daktari mpya kabisa, nimepangiwa hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mahali ambapo upepo wa kiangazi ulileta nyuzi za pamba kutoka kwenye malori na kuzinasa kwenye nyavu za madirisha yetu. Daktari Habibu ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi pale. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa pwani aliyekuja Shinyanga kikazi akaoa, akakaa. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka kadhaa, na hospitali aliyosomea ilipobadilisha vifaa vyake ilimpa kimoja kilichochakaa, akarudi nacho: mpira mweusi mrefu, mnene kama kidole, wa kutazamia utumbo mpana. Ndani ya mpira ule kulikuwa na maelfu ya nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele, nyingine zikipeleka mwanga ndani na nyingine zikirudisha picha nje. Siku hizi picha inatokea kwenye televisheni ukutani na chumba kizima kinaona. Wakati ule ilitokea kwenye tundu dogo juu ya mpini, na aliiona mtu mmoja tu, kwa jicho moja, huku lingine amelifumba.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya magodoro. Kilikuwa na kitanda, meza, taa yetu ya kupelekea mwanga, mashine ya kuunguzia ambayo ilitoa mlio kama wa nyuki, na dirisha moja lililotazama ukumbi wa nje ambako ndugu wa wagonjwa walikaa na vyungu vyao. Muuguzi wetu alikuwa Sista Kabula, mama wa makamo mwenyeji wa pale pale, na ndiye aliyekuwa mdomo wetu kwa wagonjwa wasiojua Kiswahili, yaani wengi wao. Kila uzi wa kioo uliokatika ndani ya mpira uliacha nukta nyeusi kwenye picha. Nilipofika nukta zilikuwa chache, kama chungu waliopotea njia. Daktari Habibu aliniambia tusiupinde mpira ule kwa nguvu hata siku moja, kwa sababu hakuna mwingine unaokuja.

Kwa kuwa hatukuweza kuona pamoja, alinifundisha kwa maneno. Mimi nilishika mpini na kutazama, yeye alisimama upande wa pili wa kitanda, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa akiusaidia mpira kupita kwenye kona, na kila baada ya muda aliniuliza, "Binti, unaona nini?" Nikisema naona wekundu, aliuliza wekundu wa nini: wa ulimi, wa nyama mbichi, au wa udongo wa Kahama? Nikisema naona kinyama, alitaka kujua kama kina kikonyo kama uyoga au kimelala bapa kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Chenye kikonyo ni rahisi. Unakipitishia kitanzi cha waya shingoni, unabana polepole, unaruhusu umeme upite, kinadondoka. Cha bapa ndicho chenye kazi. Hicho lazima kwanza udunge maji ya chumvi chini yake kwa sindano ndefu, ngozi ya utumbo inyanyuke kama lengelenge, ndipo kitanzi kipate pa kushika bila kutoboa utumbo wenyewe. Ukibana haraka unakata kabla ya kuunguza, na damu inatoka mahali ambapo huwezi kuweka kidole. Aliyasema haya kwa upole ule ule kila mara, na mimi niliyasikia hata usingizini.

Jumamosi tulifanyia mazoezi nyumbani kwake. Alipitia machinjioni asubuhi akaja na utumbo wa ng'ombe ndani ya ndoo, na tulikaa barazani nyuma, mimi nikidunga maji ya chumvi na kukamata malengelenge kwa kitanzi, yeye akila karanga na kunitazama. Bi Zuhura alilalamika kwamba sabuni ni ya kupanga foleni na sisi tunaleta kinyesi cha ng'ombe barazani kwake, kisha akatuletea maji ya moto na limau tunawe mikono, akatupakulia. Mara nyingi ilikuwa ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Mara moja moja ndugu za mumewe walituma nazi kwa treni, na siku hiyo tulikula wali kama watu wa sikukuu. Niliyasikia mazungumzo yao kupitia ukuta wa jikoni. Bi Zuhura alimuuliza mumewe kwa nini ananiharakisha hivyo, mtoto wa watu hata hajazoea mji. Yeye alijibu kwamba mpira hautamaliza miaka miwili, na kama utakufa kabla binti hajajua kazi, basi utakuwa umekufa bure.

Wa kwanza niliyemtoa kinyama peke yangu alikuwa fundi wa reli aliyetokwa na damu tangu msimu uliopita. Kilikuwa kimoja, chenye kikonyo, chekundu kama zabibu. Nilibana, nikakanyaga swichi, kikadondoka, shina likabaki jeupe na kavu. Baadaye nilitoka nje nikanawa uso kwenye bomba la maji. Daktari Habibu hakunisifu, aliniambia nikale. Yule fundi alipona kabisa na kwa muda mrefu alinipungia mkono kila aliponiona karibu na stesheni. Kwa wiki chache niliamini kwamba nimejifunza kitu ambacho kitatosha.

Halafu akaja Mama Holo. Jina lake mwenyewe lilikuwa Nkwimba, mkulima wa pamba kutoka upande wa Kahama, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu lakini amekonda na kupauka kama mtu wa sitini. Alikuja wakati wa kuchuma pamba, amesindikizwa na shangazi yake na mdogo wake wa kiume, Masanja, ambaye alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Bulyanhulu. Baba yao alikuwa amefariki kijana, kwa tumbo, walisema, na hatukuuliza zaidi. Tulimnywesha haluli siku nzima mpaka alichoharisha kikawa maji matupu, kesho yake tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikaingiza mpira. Mwanzoni nilidhani lenzi imechafuka. Nikaisafisha kwa maji, nikatazama tena. Hapakuwa na mahali palipo laini. Vinyama vilianzia pale pale mlangoni na kuendelea kona baada ya kona, vidogo kama mtama, vingine kama harage, vingine vikubwa vinavyotoa damu kwa kuguswa tu, vimebanana mpaka ngozi yenyewe haikuonekana. Daktari Habibu aliniuliza ninaona nini, nikamwambia naona kama zulia. Alizunguka kitanda, akachukua mpini, akaweka jicho lake, akatazama kwa muda mrefu. Aliponirudishia aliniambia, kwa Kiswahili, juu ya kichwa cha mgonjwa asiyetuelewa, "Ugonjwa huu nimeuona mara moja tu, ng'ambo. Kitanzi hakifai hapa. Dawa yake ni kuuondoa utumbo wote."

Hata hivyo tulitumia kitanzi, kwa sababu alikuwa anatokwa damu na kitanzi ndicho tulichokuwa nacho. Kila wiki, umeme ukiwepo, nilitoa vile vikubwa, nikaunguza mashina, damu ikapungua, naye akapata nguvu za kukaa nje kwenye jua. Kazi yangu ilizidi kuwa nzuri. Ni jambo gumu kulieleza. Mikono yangu ilijifunza kwa mwanamke yule kila kitu ninachokijua, vya kikonyo na vya bapa, vya kwenye kona na vya nyuma ya mikunjo, na kila nilipomaliza nilivuta mpira nje nikipita juu ya mamia niliyoyaacha. Kisha siku moja, wakati namgusa tumbo, niliona ini limekuwa gumu na lina mabonge, na Daktari Habibu akagusa baada yangu, akaufunika mwili kwa shuka taratibu. Kimoja kati ya vile vingi kilikuwa kimeshageuka saratani kitambo, kabla mama hajafika kwetu.

Wakati huo nje ya dirisha kulikuwa na maneno mengine. Shangazi alizungumza na wanawake wenzake kwa Kisukuma huku akipika, na Sista Kabula, akikunja vitambaa, alinitafsiria polepole. Shangazi alikuwa akisema Masanja alipata dhahabu msimu uliopita, akanunua ng'ombe, na msimu huo huo ndipo dada yake akaanza kutoa damu. Watu wa machimbo wanajua namna zao, alisema. Dhahabu haiji bure, huja kwa damu ya mtu wa karibu. Masanja alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, mgongo ukutani, anasikia kila neno. Alichukua bakuli la uji alilopikiwa dada yake, akaingia nalo wodini, na wanawake wakasogeza miguu ili asiwaguse.

Siku chache baadaye alikuja kwenye mlango wa stoo yetu akasimama mpaka nikamkaribisha. Alikuwa kijana mrefu, kucha zake zimejaa unga wa mawe usiotoka. Aliniambia naye anatokwa na damu, muda mrefu sasa, alidhani ni kwa ajili ya kuinama ndani ya duara, ndivyo walivyoliita shimo la kuchimbia. Alitaka atazamwe. Nilimweleza habari za haluli na njaa, akakubali, na kesho yake akalala pale pale alipolala dada yake, uso ukutani. Nikaingiza mpira. Sikuhitaji kwenda mbali. Daktari Habibu, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Masanja, aliuliza kama kawaida yake, "Binti, unaona nini?"

Niliondoa jicho kwenye tundu nikamtazama. Kwa dada yake tulizungumza tulivyotaka. Huyu Kiswahili alikijua kama sisi.

"Sema tu, daktari," Masanja alisema bila kugeuka. "Kitu chenyewe ni changu."

Nikasema, "Ni kama kwa Mama Holo."

Mashine ililia mlio wake wa nyuki. Masanja aliuliza, "Kwa hiyo si dhahabu?"

"Si dhahabu, bwana," alisema Daktari Habibu. "Mmezaliwa nacho. Nadhani na baba yenu alikuwa nacho."

Nilihisi pumzi yake ikitoka ndefu, mpaka mpira ukasogea mkononi mwangu. Alikuwa amefurahi. Nimeona watu wengi wakipewa habari mbaya tangu siku ile, lakini sijaona mwingine aliyezipokea kama mtu anayefunguliwa kamba. Alivaa suruali yake, akafunga mkanda, na alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi kuuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama na watoto wa dada yake wamezaliwa nacho. Dada yake alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, Holo. Daktari Habibu alimjibu kwamba huenda anacho, huenda hana, ni kama nusu kwa nusu.

Aliniomba niwaeleze ndugu zake. Nikaenda kukaa nao ukumbini, na kwa mdomo wa Sista Kabula nikaeleza kwamba ugonjwa huu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kwamba Masanja naye anao, kwamba haukuletwa na dhahabu wala na mtu. Shangazi alinisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza alinishukuru, akawageukia wenzake, akawaambia sasa wamesikia kwa daktari mwenyewe: waliofanyiwa uchawi ni ukoo mzima, tangu kwa baba. Angalau wanawake hawakukunja tena miguu Masanja alipopita. Hilo ndilo nililopata kwa maelezo yangu yote.

Mama Holo aliomba arudi nyumbani, nasi hatukuwa na sababu ya kumzuia. Asubuhi ya kuondoka aliketi kitandani akila michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akanipa kipande, nikakaa nikala naye. Kisha akaniuliza, kupitia kwa Sista Kabula, kwa nini tulivitoa vingine na vingine tukaviacha. Nilimwambia ni vingi, mama. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa habari za magugu ya shamba ambalo analijua vizuri. "Wabeja," akasema, asante, na akanipa kipande kingine. Alifariki kabla ya mvua.

Kwa Masanja bado kulikuwa na njia. Daktari Habibu alimweleza kwamba katika hospitali kubwa upo upasuaji wa kuondoa utumbo mpana na kuunganisha mwembamba na kipande cha mwisho kinachobaki, na kile kipande mimi ningekuwa nikikitazama na kukisafisha maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza kazi yangu ingekuwa na maana. Masanja alikubali papo hapo. Akapanda treni, akafunga kula, akanyweshwa haluli, akalazwa kitandani tayari, na hewa ya kumlazia usingizi ikawa imekwisha, akarudishwa. Tukamwandikia tena. Akaenda, akafunga tena, akaharishwa tena, na safari hii hapakuwa na uzi wa kushonea. Miaka ile ilikuwa hivyo, na waliomrudisha hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alituandikia kuomba radhi kwa mkono wake. Siku ilipopangwa kwa mara ya tatu Masanja hakutokea.

Tulimfuata. Tulipata nafasi kwenye lori hadi Kahama na jingine kutoka hapo, Daktari Habibu na suti yake ya kijivu juu ya magunia. Bulyanhulu siku zile ilikuwa vibanda vya nyasi na maturubai, wanawake wakiuza chai na maandazi, mashimo kila mahali yamezungushiwa miti, na sauti ya mawe yakitwangwa kutoka alfajiri. Walituonyesha duara lake. Alipanda juu kwa kamba, mweupe kwa vumbi toka utosini, akamwamkia mzee shikamoo, akatuketisha juu ya mbao na kutuagizia chai. Alikuwa amekonda. Daktari Habibu alimwambia tunaweza kuondoka naye leo hii, atakaa nyumbani kwake Ngokolo mpaka siku ya upasuaji ipatikane.

"Mzee, nimekwenda mara mbili na njaa nikarudi na njaa," Masanja alisema. Alisema bila hasira yoyote. "Hapa nikishuka chini, siku nyingine nakuta kitu. Mimi niacheni. Mchukueni Holo. Yule bado hajaanza kutoa damu."

Tulimbembeleza mpaka chai ikapoa. Alitusindikiza hadi kwenye lori, akamshika mzee mkono amwinue. Njiani Daktari Habibu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kwenye pindo la koti, akaniambia kazi amenifundisha, lakini hayo mengine hakuwa na cha kunifundishia. Masanja aliishi miaka miwili baada ya hapo. Nilipata habari kwa dereva wa lori la pamba aliyenijua. Holo yeye aliishi, nalisema sasa ili msomaji asihangaike: alipokuwa mwanamke mzima, hospitali zimeanza kupata hewa na nyuzi, alipasuliwa, na mpaka leo yupo Kahama na ana duka la vitenge. Lakini mwaka ule haukujua lolote kati ya hayo, wala sisi hatukujua.

Tulilojua ni msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, aliyeletwa na shangazi wakati mvua za kwanza zimeanza, amevaa gauni la shule kwa sababu ndilo zuri alilokuwa nalo. Alinyweshwa haluli, akatapika, akanywa tena. Wakati huo nukta nyeusi zilikuwa zimekula karibu nusu ya picha, na nilitazama kama mtu anayechungulia kupitia ungo. Daktari Habibu alisimama mahali pake na hakuniuliza kitu. Nilipita mbali nikiona ngozi laini, yenye kung'aa, mishipa yake myembamba imeenea vizuri kama inavyotakiwa, nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha kwenye kona nikaona kimoja. Kidogo, kama punje ya mtama. Nyuma yake kingine, na kingine bapa. Nilidunga maji ya chumvi, ngozi ikanyanyuka, nikabana, nikaunguza. Nilivitoa kimoja baada ya kingine mpaka pale mpira ulipofika mwisho, na damu haikutoka hata tone. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilipouvuta mpira nje, Holo aligeuza shingo akanitazama. Alikuwa anajua Kiswahili cha shule.

"Umemaliza, daktari?"

Nikamfunika shuka miguu. "Nimemaliza vya leo," nikamwambia.